Kinundu cha kifundo cha mkono: mwenye kesi ni mrija

Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Hii siyo kansa kweli?" Mkono unawekwa mezani, kifundo kinakunjwa kuelekea chini, na pale nyuma ya mkono kinajitokeza kitu cha mviringo kama kete ya bao. Ngozi ya juu ni laini, haijabadilika rangi. Ukibonyeza, kinagoma kama mpira uliojazwa sana. Mkono ukinyooshwa, kinajificha nusu. Wengi wanaokuja nacho ni wanawake wa kati ya miaka 20 na 40: waanika dagaa wa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mafundi cherehani, mama lishe, wasusi. Wavuvi na waendesha bodaboda nao wapo, ila wachache zaidi.

Ukishashika mikono ya namna hii kwa muda mrefu, unaacha kuhangaika na kinundu chenyewe. Unauliza habari za mrija wake.

Kitabibu kinaitwa gangilioni. Ni kifuko chenye ukuta mwembamba, kimejaa ute. Siyo saratani na hakigeuki kuwa saratani. Watu husema kina maji, lakini kikivutwa kwa sindano ndipo unaona kwamba hayo siyo maji. Ni kitu angavu, kinanata, kizito kuliko ute wa yai bichi, na kinavutika kama mlenda. Kiungo kinachokunjika, kama kifundo au goti, kina ute wa kukilainisha; huu ni ndugu yake, ila umekolea.

Kifuko hicho hakielei peke yake chini ya ngozi. Kina mrija mwembamba, mara nyingine uliojipinda, unaoshuka hadi kwenye kiungo au kwenye ala ya kano, yaani ule mfuko ambamo kano inateleza kama kisu ndani ya ala yake. Mkono ukifanya kazi, ute unasukumwa kupanda. Kurudi chini ndiyo tabu. Mvuvi hahitaji maelezo marefu hapa: ni mgono. Samaki anaingia bila shida, kutoka haoni njia.

Mgono huo unaeleza mengi. Unaeleza kwa nini kinundu huvimba baada ya wiki ya kazi nzito na kunywea baada ya siku chache za kupumzika, na kwa nini kinaweza kupotea miezi sita kisha kikarudi pale pale. Unaeleza pia kwa nini kukipasua kwa nguvu hakukimalizi: kifuko kinapasuka, mrija unabaki, ute unaendelea kupanda. Na mwenye uvimbe unaopungua na kuongezeka kwa kufuata kazi ana sababu nzuri ya kutulia, kwa sababu uvimbe mbaya haujui mapumziko. Wenyewe huongezeka tu.

Mahali kilipo kunasema mengi kuliko ukubwa wake. Katika vinundu 10 vya aina hii, 6 au 7 viko nyuma ya kifundo, usawa wa kidole cha shahada na cha kati, juu ya kiungo cha vifupa viwili vinavyoitwa skafoidi na lunati. Hivi ndivyo visivyo na shari. Vya pili kwa wingi viko upande wa kiganja, chini ya kidole gumba, pale pale ambapo muuguzi huweka vidole kuhesabu mapigo ya moyo. Hapo kuna mshipa mkubwa wa damu, na mara nyingi kifuko kimejibana nao, hata kuuzunguka. Mtu mwenye kinundu hapo asimruhusu mtu yeyote kukichoma sindano kwa kukisia, wala asikubali kichomwe kwenye duka la dawa.

Cha tatu ni kidogo na kina kelele kuliko ukubwa wake. Kinakaa kwenye shina la kidole upande wa kiganja, kigumu kama punje ya njegere kavu, na wengi hudhani ni mfupa uliochomoza. Kidole ukikikunja na kukikunjua, chenyewe hakisogei, kwa kuwa kimeshika ala, hakikushika kano. Maumivu yake huja pale mkono unaposhika kitu cha mviringo kwa nguvu: mpini wa kasia, mshikio wa ndoo ya lita 20, mkasi wa fundi, mkono wa pikipiki. Kuna dawa moja ya bure kwa hiki: kuzungushia mpini kitambaa au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili unene, na shinikizo lihame kutoka kwenye kinundu. Wengine wanakaa nacho hivyo miaka mingi bila kuhitaji kingine.

Cha nne ni cha wazee. Kinatokea karibu na kucha, juu ya kiungo cha mwisho cha kidole, kwa watu ambao viungo vyao vya vidole vimeanza kulika. Ngozi yake ni nyembamba hadi inang'aa, na kucha iliyo mbele yake inaweza kuota na mfereji kwa sababu inabanwa kwenye mzizi. Kishawishi cha kukitoboa kwa pini ni kikubwa, maana kinaonekana kama lengelenge tu. Kisitobolewe. Mrija wake ni mfupi sana na unaelekea moja kwa moja kwenye kiungo. Uchafu wa pini ukishapita, usaha ndani ya kiungo cha kidole ni ugonjwa mwingine kabisa, na kidole kinaweza kukakamaa daima.

Kuhusu chanzo, watu wanapenda kusikia jibu moja, kwamba ni kukamua nguo, ni kusonga ugali, ni kuvuta nyavu. Hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa. Wapo wanaokumbuka kuanguka au kuteguka, wengi hawakumbuki chochote. Kazi ya mikono haionekani kuwa ndiyo inayokizaa, lakini ndiyo inayokijaza na ndiyo inayokitia maumivu. Kwa hiyo kumwambia mwanika dagaa aache kazi kwa sababu ya kinundu ni ushauri wa mtu asiyelipa kodi ya nyumba yake.

Sasa kipimo cha tochi, ambacho kila mtu anaweza kukifanya nyumbani na ambacho wengi hukikosea. Kosa la kwanza ni kukifanya mchana mlangoni. Subiri usiku au ingia chumba chenye giza. Kosa la pili ni kumulika kutoka juu. Mwanga unagonga ngozi na kurudi machoni, huoni kitu. Tochi ya simu igandamizwe ubavuni mwa kinundu, iguse ngozi kabisa, kisha utazame kutoka juu. Simu nyingi zina kioo kipana cha taa, mwanga unavuja pembeni, kwa hiyo izungushie taa karatasi nyeusi au ifunike kwa utepe wa gundi na kuacha tundu dogo la upana wa penseli. Kifuko cha ute kitawaka chote, chekundu kama taa ya karatasi. Kisha mulika sehemu ya mkono isiyo na uvimbe ili ulinganishe, kwa kuwa ngozi nyembamba nayo hupitisha mwanga kidogo.

Kikiwaka chote, ushahidi ni mzuri. Kikibaki cheusi katikati ya mwanga, huenda kina nyama ndani na kinahitaji kuonwa. Uvimbe wa mafuta unasumbua kidogo kwenye kipimo hiki, kwani unaweza kupitisha mwanga hafifu, ila wenyewe ni mlaini, unabonyea kama unga uliokandwa. Cha kwenye shina la kidole ni kidogo mno kwa tochi. Hapo ultrasaundi ndiyo inayosema kweli, na ndiyo inayopata pia vile vifuko vilivyojificha ndani ya kifundo ambavyo vinauma bila kuonekana. Kwa cha upande wa kiganja, weka ncha ya kidole juu yake taratibu kabla ya yote. Mapigo yanayotikisa kidole kutoka pembeni ni ya mshipa jirani. Kinundu chenyewe kikipanuka na kunywea pande zote kwa kila pigo, huo ni mshipa uliovimba, na safari ya hospitali ni leo.

Kando ya ziwa kuna vitu viwili vinavyojifanya gangilioni, na hapa hatukubali haraka. Cha kwanza ni mwiba wa samaki. Sangara na sato wana miiba migumu kwenye pezi la mgongoni. Mpasuaji anachomwa mara nyingi hadi haoni kama ni jeraha. Kipande kikivunjikia ndani, mwili unakizungushia ukuta, na baada ya wiki au miezi kuna kinundu. Dalili ya kukitofautisha ni historia: kilianza pale pale palipochomwa, kiliuma tangu mwanzo, ngozi ya juu ina kovu dogo au wekundu, na hakifuati ratiba ya kazi na mapumziko. Pia tundu la mwiba linaweza kusukuma ngozi ya juu ikaingia chini na kuendelea kuota humo, ikatengeneza kifuko chenye uji mweupe mzito. Hicho nacho hakina madhara makubwa, lakini mwanga haukipiti. Basi swali la kwanza kwa mtu wa samaki liwe: hapo uliwahi kuchomwa?

Cha pili ni kifua kikuu. Wengi wanakijua cha mapafu tu, lakini kinaweza kuingia kwenye ala za kano za mkono. Uvimbe wake haufanani na kete. Umetanda upande wa kiganja, sehemu moja juu ya mikunjo ya kifundo na nyingine chini yake. Ukibonyeza upande mmoja, wa pili unainuka, na mara nyingine unasikia kwa vidole kitu kinakwaruzana kama punje za mchele ndani ya mfuko. Hauna joto kali, unakwenda polepole kwa miezi, vidole vinaanza kuwa vizito na ganzi inaingia. Mtu anaweza asikohoe kabisa. Huu hautibiwi kwa kuvuta ute, unatibiwa kwa dawa za kifua kikuu, ambazo nchini hutolewa bure, na kila mwezi unaopotea kwa kuusugua dawa ya maji unazila kano.

Kuna na kifupa kinachochomoza nyuma ya mkono, mbele kidogo ya mahali pa gangilioni, kwenye shina la mifupa ya kidole cha shahada na cha kati. Kigumu kama jiwe, hakihami hata chembe, eksirei inakionyesha. Hakina neno.

Ukishajiridhisha kuwa ni kifuko cha ute, matibabu ya kwanza ni kukiacha. Inaonekana kama uvivu wa daktari, na wagonjwa hununa wakisikia, hasa waliovuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, wakitegemea kisu. Lakini karibu nusu ya vinundu hivi hupotea vyenyewe, japo inaweza kuchukua miaka. Kisichouma, kisicholegeza mkono, kisichotia ganzi, hakidai kitu. Kipime tu. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kifundo kikiwa kimenyooka, andika namba na tarehe. Rudia kila mwezi, saa zile zile, maana kipimo cha asubuhi na cha jioni baada ya kazi haviwezi kulingana.

Kikiuma, pumzisha kifundo bila kukifunga kifungo cha maisha. Kishikizo cha kifundo kivaliwe saa za kazi kwa wiki moja au mbili, kivuliwe usiku na wakati wa kuoga, na vidole viachwe huru vicheze. Mtu anayekaa nacho miezi mitatu anarudi na kinundu kilichonywea na mkono uliokakamaa, biashara ya hasara. Kinachouma zaidi ni kifundo kukunjwa kwenda nyuma huku kimebeba uzito: kusukuma mkokoteni kwa viganja, kuinuka kutoka chini kwa kuegemea mkono, kunyanyua gunia kutoka chini. Kukamua nguo nzito kwa watu wawili, kila mmoja akishika upande wake, kunapunguza mzigo sana kuliko dawa yoyote ya kupaka. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kutumia parasetamo ya miligramu 500, vidonge viwili, visizidi vinane kwa saa 24. Ibuprofeni inyweke baada ya chakula, na iachwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito.

Halafu kuna kupiga. Desturi ya kukiponda kwa kitabu kizito imeenea dunia nzima, na huku imepata matoleo yake: ubao, chupa, kisigino cha kiatu, kidole gumba cha mjomba mwenye nguvu. Kinachotokea ni hiki. Kifuko kinapasuka, ute unasambaa chini ya ngozi, kinundu kinapotea mbele ya mashahidi na mpigaji anapata sifa. Wiki au miezi baadaye kinarudi, na mpigaji hayupo. Hiyo ni bahati njema. Bahati mbaya ni vifupa vya kifundo kuvunjika, au kano kuchubuka, au kumbe hakikuwa gangilioni. Chale ni mbaya zaidi ya kupiga. Wembe unafungua njia ya uchafu kuingia kwenye kifuko, na kifuko kina mrija, na mrija una mlango kwenye kiungo. Tukiona kifundo chekundu, cha moto, mtu hawezi kukisogeza na ana homa, tunatafuta alama za wembe kabla ya kuuliza lolote.

Kuvuta ute kwa sindano kuna nafasi yake kwa kinundu cha nyuma ya kifundo kinachouma. Ngozi inasafishwa, ganzi kidogo inachomwa, kisha inaingizwa sindano nene. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: ute ni mzito, na sindano ya bluu, namba 23, haiwezi kuuvuta. Mtu anachomwa mara nne, hakitoki kitu, anaambiwa "kimekauka". Inatakiwa namba 18, yenye kichwa cha waridi, ambayo unene wake ni milimita 1.2, mara mbili ya ile ya bluu, na bomba la mililita 5 au 10 ili mvuto uwe na nguvu. Kinachotoka mara nyingi hakifiki kijiko cha chai. Kikiwa angavu na cha kunata, jibu limethibitika hapo hapo. Kikiwa usaha au uji mweupe, safari ya matibabu inabadilika. Mgonjwa aambiwe mapema, kabla ya sindano: nusu ya vinundu au zaidi hurudi baada ya kuvutwa. Anayeambiwa baadaye anaona ametapeliwa.

Upasuaji ni kwa kinachouma na kukwamisha kazi, kinachobana mshipa wa fahamu, au ambacho utambulisho wake una shaka. Utaratibu wa kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya, upate barua, uende hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure, na kikihitaji daktari bingwa, hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando. Swali la kumuuliza mpasuaji ni moja: utafuata mrija hadi kwenye kiungo? Anayekata kifuko na kufunga ngozi amefanya kazi ya kitabu kizito, tofauti ni kovu. Anayejua anafuata shina hadi chini, analitoa pamoja na kipande kidogo cha utando wa kiungo linapotokea. Kwa cha upande wa kiganja, kabla ya kupasua anabana mishipa yote miwili ya damu kwenye kifundo, anakuambia ukunje na kufungua ngumi, kisha anaachia mmoja na kuhesabu sekunde hadi kiganja kirudi rangi. Anataka kujua, mshipa mmoja ukiumia, wa pili utaulisha mkono?

Hata kwa mkono hodari, bado vipo vinavyorudi, na vya upande wa kiganja hurudi zaidi. Kovu linaweza kuwa na ganzi pembeni yake, na kifundo kinaweza kupoteza sehemu ndogo ya mkunjo. Vidole vianze kukunjwa na kunyooshwa siku ile ile, mkono ukiinuliwa juu ya usawa wa moyo. Bandeji ikae kavu: hakuna kuosha samaki, hakuna kufua, hakuna kuingia ziwani hadi nyuzi zitoke, siku ya 10 hadi ya 14. Kasia, nyavu na ndoo zisubiri wiki 4 hadi 6. Mwanika dagaa apange upasuaji wake wakati wa mbalamwezi, kazi ikiwa imepungua, asije akajikuta na bandeji katikati ya giza, zile siku zisizo na mwezi ambapo mitumbwi inashusha dagaa kwa wingi.

Usisubiri mwezi wa pili wa kupima kwa futi ikiwa uvimbe unakua haraka wiki hadi wiki, umeshikana na mfupa bila kuhama na tochi haiuwashi, unakuamsha usiku, umepita sentimita 5, au vidole vimeanza kufa ganzi na kuangusha vitu. Mwenye wekundu, joto na homa aende siku hiyo hiyo.

Watoto nao huvipata, na wazazi wao ndio hutetemeka zaidi. Kwa mtoto kinundu hiki hupotea chenyewe mara nyingi kuliko kwa mtu mzima, wengi ndani ya mwaka mmoja. Tunamulika, tunapima, tunamwandikia mama tarehe kwenye daftari, na tunamwambia kitu cha pili ambacho huwa hakukitegemea: bibi wa nyumbani asiruhusiwe kukisugua.